Barua kutoka Tanga

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuandama. Uliuliza lile somo la stadi za kusoma linakwendaje, maana nawe umepangiwa muhula ujao.

Tatizo utalikuta hilo hilo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma kila kitu namna moja: mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kamusi mkononi, na ukurasa wa pili tayari wamechoka. Basi nikatafuta jambo la hapa hapa kwetu, silikanti, yule samaki adimu wa kilindini. Nikawapa makala ya gazeti la Kiswahili na utafiti wa Kiingereza uliotoka mwaka 2021 katika jarida la Current Biology, vyote kuhusu umri wa samaki huyo.

Gazeti walilimaliza upesi: silikanti huishi miaka 100. Kwenye utafiti nikawakataza kuanzia mwanzo. Ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo, kwanza, halafu michoro na maelezo yake, halafu hitimisho. Sehemu ya mbinu za utafiti iwe ya mwisho, ila hapo wasome polepole, penseli mkononi. Ndipo utamu ulipoanza! Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa Kigombe, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona ni samaki 27 tu, tena wa Komoro? Wa kwetu je?" Mwenzake akaona kwamba mzee kuliko wote alikadiriwa miaka 84. Wakagundua pia kuwa umri ulihesabiwa kwa mistari ya magamba, na kwamba watafiti wa zamani, walioiona ile minene tu, walikadiria miaka kama 20. Gazetini hayo hayamo.

Darasa likataka kulitupa gazeti. Nikakataa, maana sipendi kabisa hii imani kwamba cha kitaaluma ndicho kweli na cha gazeti ni porojo. Gazeti lilimweleza mvuvi, kwa lugha yake, kwa nini jarife, ule wavu wa kutegea papa, ni hatari kwa samaki anayeishi muda mrefu na kuchelewa kuzaa. Nalo lina maswali yake: "wataalamu wanasema", wataalamu gani? Kichwa cha habari kinaafikiana na aya za chini?

Nakala nitakutumia, lakini usiwape watu wa Dodoma silikanti. Watafutie zabibu.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanahamisi