Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Vikundi vya Mafundi Cherehani, Kisumu

Wanangu, salamu.

Nimesikia mnataka kufuta majina ya wanachama wanaokaa kimya mkutanoni, na kuwatoza faini wanaokosa vikao. Nawasihi, wekeni kalamu chini kwanza. Mtu hunyamaza kwa sababu nyingi, na faini hutibu moja tu, uvivu, ambayo mara nyingi si ndiyo.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia, akaona mwanagenzi anaanzia mwisho wa kazi. Kwanza alishona vifungo na kukunja pindo, kisha akashona vipande, na kukata kitambaa ndiko kulikokuja mwisho. Hata nguo zenyewe zilipangwa: kofia na chupi za watoto mwanzoni, suti rasmi mwishoni. Utaratibu huo una akili. Pindo likienda upande unalifumua na kulirudia, lakini kitambaa kikikatwa vibaya ni hasara. Tena anayeshona vifungo anashika nguo iliyokamilika kila siku. Anaona bega lilivyokaa na kola ilivyolala kabla hajagusa mkasi. Mwaka 1991, Lave na mtafiti mwenzake Etienne Wenger walieleza kwamba mtu wa aina hiyo, aliye pembeni, tayari ni mwanachama halali. Kutazama kwake na vijikazi vyake ndiko kushiriki kwake.

Wenger na wenzake walirudi tena mwaka 2002 na makadirio. Katika jamii ya watu wa kazi moja wanaojifunza pamoja, kiini cha wanaosukuma mambo huwa asilimia 10 hadi 15, wanaoshiriki mara kwa mara ni 15 hadi 20 zaidi, na waliobaki, ambao ndio wengi, wako pembeni. Kikundi cha watu 60 basi kitakuwa na wasukumaji 6 hadi 9, washiriki wa kawaida 9 hadi 12, na wengine 40 hivi wanaosikiliza. Kwa hiyo wasemaji kuwa wale wale si ugonjwa. Ulizeni kama hao 40 wanaondoka na kitu, na kama wana njia ya kusogea ndani.

Hilo halipimwi kwa daftari la mahudhurio peke yake. Katibu aongeze safu tatu: nani aliuliza, nani alijibu, nani alionyesha kazi. Aandike na yanayotokea baada ya kikao, kwa maana huko ndiko ujuzi mwingi hupita. Chukua fundi mpya ambaye uzi wake unajikusanya chini ya kitambaa. Anahangaika na bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, anaifungua na kuifunga, ilhali mara nyingi kosa liko juu: uzi haukupita katikati ya visahani vya kukaza. Swali hilo hataliuliza mbele ya watu 60, aibu itamzuia. Atamnong'oneza jirani, na jirani atamwonyesha kwa dakika moja. Katibu akiandika wasemaji wa mkutano tu, wote wawili watahesabiwa mabubu.

Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, lakini si Desemba na Januari, sare za shule zinapowabana. Na mkutano msiuweke Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye. Mtaonaje mtu ni mtoro wakati mmemwita saa anayotafuta unga?

Njia ya kuingia ndani iwe ya ngazi fupi. Mpeni mtu dakika tano aonyeshe nguo yake, aigeuze ndani nje watu waone mishono. Mwezi mwingine awafundishe watatu kuweka zipu. Mkipata oda ya sare, awe wa kupima na kukagua kabla hajapewa kukata. Kumtoa mtu kwenye ukimya mkamtupa kwenye kiti cha mweka hazina ni kumfukuza kwa heshima. Ninyi wa kiini nanyi jizuieni: swali likiulizwa, msijibu mpaka wengine wawili wamejaribu. Pale wawili wanapojibu kila kitu, wengine huacha hata kufikiri, na siku wawili hao wakihama kikundi kinabaki jina.

Yuko mmoja ambaye simtetei. Anayechukua mgao wa oda na hashoni, au anachukua kitambaa cha kikundi na harudishi nguo, huyo aitwe, aulizwe, na asipolipa aondolewe. Hilo ni deni. Ukimya si deni, msiviweke kwenye ukurasa mmoja.

Majina mliyokwisha kuyawekea alama, gawaneni, kila kiongozi matano. Mwendeeni mtu pale anaposhonea, mketi, mmuulize maswali mawili: amejifunza nini kwenu mwaka huu, na ni kazi gani angeweza kuwaonyesha wenzake. Andikeni majibu kabla ya kikao kijacho, ndipo mlete hoja ya kufuta.

Mzee wenu,
Kisumu