Höcke ana theluthi, tuiandike

Mhariri,

Naandika kuhusu habari za Björn Höcke, kiongozi wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, katika jimbo la Thüringen, Ujerumani. Mara nyingi mwalimu huyu wa zamani wa historia huelezwa kuwa ameshindwa, kwa sababu hajawa waziri mkuu wa jimbo, na mwaka 2024 mahakama ya Halle ilimtoza faini mara mbili kwa kutamka kaulimbiu ya SA, wanamgambo wa Hitler. Ni kweli, tena hata jimbo lake la uchaguzi alilipoteza, akaingia bungeni kwa orodha ya chama.

Lakini tazameni viti. Katika uchaguzi wa bunge la Thüringen wa Septemba 2024, AfD ilipata asilimia 32.8 ya kura na viti 32 kati ya 88. Kubadili katiba ya Thüringen, au kuchagua majaji wa mahakama yake ya katiba, kunahitaji theluthi mbili, yaani wabunge 59. Vyama vingine vyote kwa pamoja vilipata 56. Hapo AfD haihitaji kushika serikali. Inatosha ikatae, na kiti cha jaji kibaki wazi. Hilo ni jambo zito mno kuachwa nje ya habari.

Naomba gazeti lako, kila linaporipoti chaguzi za majimbo ya Ujerumani, lichapishe idadi ya viti kando ya asilimia za kura, na lieleze ni chama gani kimevuka theluthi moja ya viti.

Msomaji wako