Kikao cha Jumamosi: jeni ya sikoseli
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nne asubuhi tutazungumzia jeni ya sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, naomba kila mmoja aje na mwenzake.

DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ni maandishi ya herufi nne: A, T, G na C; jeni ni kipande chake. Kwenye jeni ya beta-globini, iliyo katika kromosomu (fungu la DNA) ya 11, herufi A moja tu ikiwa T, himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, hubadilika, na chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu.

Mtoto huugua sikoseli akirithi nakala hiyo iliyobadilika kwa baba na kwa mama. Akina mama, msikubali kubebeshwa lawama peke yenu! Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja iliyobadilika, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, hata kama mtoto wa kwanza ni mzima.

Mwenye majibu ya vipimo aje nayo.