Listi za maneno ya Kiingereza zinakatisha watu tamaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili maana linaniuma. Watu wengi wanaojifunza Kiingereza wanapewa listi ya maneno mia, wanakariri usiku kucha, wiki ikiisha hamna kitu kichwani halafu wanajiona hawana akili na wanaacha kabisa. Akili wanazo! Mjerumani Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia aliyechunguza kumbukumbu, alishaandika tangu 1885 kwamba kitu ulichokariri kinapotea haraka sana mwanzoni, na kukirudia kwa kuachia siku katikati kunasaidia kuliko kukirudia mfululizo siku moja. Kwa hiyo maneno kumi tu, uyarudie kesho, keshokutwa, tena wiki ijayo, yanatosha kabisa.

Halafu neno lisisomwe peke yake. Chukua "decision", ukiandika tu kwamba maana yake ni uamuzi, siku ya kuongea utasema "do a decision" kwa sababu hakuna aliyekuambia linatembea na "make". Mimi kwenye daftari naandika sentensi nzima, chini yake naweka ndugu zake, "decide", "decisive", "undecided", basi neno moja limeshazaa manne. Ilinichukua miaka kugundua hili, darasani hatukuambiwa, ndo maana naandika.

Na jamani tusikimbilie maneno magumu magumu, yale ya kawaida kama 2,000 hivi ndo yanajaza sehemu kubwa ya tunachosoma na kusikia kila siku, tuanze na hayo.

Msomaji wako