Kwa Mwanaidi, kabla hujaingia wodini

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Najua uliniona stendi nimenyamaza. Neno nililokuwa nalo halikufaa kusemwa kati ya mabegi na makondakta, nikaona nirudi nyumbani niliandike. Barua hii nampa mtoto wa jirani anayesafiri kesho.

Neno lenyewe ni lile ulilolisema jikoni mkibangua korosho na mama yako. Ulisema wenzenu wa udaktari wa mwaka wa juu wamewaonyesha njia ya kuokoa muda: mkipewa mgonjwa wa kuklaki, yaani kumhoji na kuandika historia ya ugonjwa wake, mnachukua faili, mnanakili historia aliyoiandika daktari wa mafunzo, intani, usiku, mnabadilisha maneno mawili matatu, kisha mnaisoma asubuhi mbele ya daktari bingwa kwenye raundi. Mama yako alicheka. Mimi niliinuka nikatoka nje, nawe ukamuuliza mama yako baba ana nini leo.

Nilichokuwa nacho ni hicho. Usinakili, Mwanaidi. Usiandike jambo ambalo wewe mwenyewe hukumuuliza mgonjwa.

Kazi yangu ya ukarani mahakamani unaijua, umekulia kwenye mafaili yale. Ila sidhani kama niliwahi kukueleza ugumu wake ulikuwa wapi. Mzee anatoka vijijini huku, hajui kuandika, ana hasira. Anakueleza habari za mikorosho, za marehemu baba yake, za mjomba aliyehamia Masasi, na katikati ya maneno yote hayo kuna moja linalobeba shauri zima: pesa zile alipewa au aliazimwa? Kalitamka mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Ukiandika "alipewa" kwa sababu mikono imechoka na foleni ni ndefu, umeshaipinda kesi kabla hakimu hajakaa. Asiporidhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kule kinachosomwa ni mwenendo wa kesi ulioandikwa. Kosa lililoandikwa huku chini linapanda naye hivyo hivyo.

Kaka yako Hamisi, tangu aanze mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ameniletea habari za Marekani. Anasema kule vijana waliofaulu sana sheria hugombania nafasi ya kuwa karani wa jaji kwa mwaka mmoja au miwili, wasome majalada, watafute sheria, wamwandalie jaji rasimu. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu kabisa ya kule, Horace Gray, alianza mwaka 1882 kwa kumlipa kijana wake kutoka mfukoni mwake, na siku hizi kila jaji wa mahakama ile huchukua hadi wanne. Nilifurahi sana kuyasikia. Nawe ukatusimulia habari za daktari Osler wa Johns Hopkins, aliyewatoa wanafunzi kwenye viti vya ukumbi miaka ya 1890, akampa kila mmoja wagonjwa wake wodini, na akatamani akumbukwe kaburini kwa hilo tu, kwamba alifundishia wodini. Nimeyafikiria yote mawili. Kijana wa sheria hatoi hukumu, na wewe huandiki dawa kwa sahihi yako. Lakini mkubwa anayeamua anaamua kwa kile ulichomwekea mezani. Bingwa wenu ana vitanda vingi vya kupitia asubuhi ile, atasimama hapo dakika chache. Ukimsomea kitu cha kunakili, atajuaje?

Ya somo yako na zile septrini, vidonge vya salfa vilivyombabua, sirudii, ulikuwa na akili zako wakati ule. Naongeza moja tu ambalo sikukwambia. Nilipoiona karatasi yake baadaye, palikuwa na mstari umeandikwa kwa mwandiko mzuri: hana mzio wa dawa. Nilikuwa pembeni ya kitanda kile tangu alipolazwa. Hakuna aliyemuuliza. Nami nilikuwa nimekaa pale, sikuulizwa, na sikusema. Mtu fulani aliuandika mstari ule kwa kuwa karatasi ilikuwa na nafasi ya kujazwa, na wa pili akanakili kwa wa kwanza.

Kwa hiyo uliza. Na ukiuliza, sikiliza mtu anatoka wapi. Mtu wa kwetu akikwambia "salfa inanidhuru", usikimbilie kuandika mzio wa dawa. Huenda anasema vidonge, huenda anasema vumbi tunalopulizia mikorosho kuanzia mwezi wa sita. Ni vitu viwili tofauti, na usipouliza ni ipi utamnyima dawa aliyoihitaji au utampa itakayombabua. Vivyo hivyo pale penye "kazi" wanapoandika "mkulima" wakapita. Mkulima wa nini? Anapuliza mwenyewe? Anafunga kitambaa puani? Kikohozi chake kilianza msimu gani?

Wazee wataona haya. Mwanaume wa umri wangu hatamwambia binti wa umri wako kwamba anakojoa damu, labda umuamkie kwanza, uvute kiti, uanzie kijijini kwake na utotoni kwake, alioga mto gani. Simu iache kwenye begi. Hilo nakuambia kwa ukali kwa sababu likizo nzima nilikuona unaitikia watu huku macho yapo kwenye kioo. Na Kimakonde ulikataa kujifunza kwa bibi yako ukasema huko Dar hakina kazi. Atakuja bibi wa Newala asiyejua Kiswahili vizuri, umtafute mtu wa kumtafsiria, na uandike kwamba ulitafsiriwa. Mgonjwa asiyejitambua, andika nani amekusimulia. Usichokiuliza, andika hukuuliza. Bingwa akikugombeza mbele ya wenzako kwa mstari ule, pokea, kisha rudi kitandani ukaulize.

Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti lile. Msikitini wameshaanza kuniita baba daktari, na mimi naitikia. Ndiyo maana nakuandikia kurasa zote hizi juu ya jambo moja: usinakili.

Sasa ya nyumbani. Ming'oko iliyo kwenye mfuko wa bluu kula kwanza, haikai. Makopa yanakaa, ila yaanike wikiendi, chumba chenu kina unyevu. Mnada wa kwanza wa korosho umepita lakini chama cha ushirika bado hakijatulipa, kwa hiyo ada iliyobaki waambie baba anashughulikia, na ya stetoskopu nitaituma papo hapo pesa ikiingia. Usinunue ya bei rahisi ukaja kununua tena. Mabati ya upande wa jikoni hayatasubiri masika, nayo yanatokana na pesa hiyo hiyo, lakini hilo niachie mimi.

Goti la mama yako bado. Nilimwambia akuonyeshe, akasema mtoto yupo likizo, tusimsumbue. Mpigie umuulize mwenyewe, lilianza lini, linauma asubuhi au jioni, anakunywa nini. Nina hakika kuna vidonge anavinunua dukani ambavyo mimi hanionyeshi. Piga jioni, mchana simu anakwenda nayo sokoni.

Baba yako