Theluji iliyoachwa juu ya paa ni hatari kwa anayekufuata

Ndugu Mhariri,

Kila theluji inapoanguka hapa Maine, Marekani, barabara za Portland na Lewiston hujaa magari yaliyokwanguliwa kitundu kimoja tu mbele ya dereva, ukubwa wa sahani. Juu ya paa mzigo umeachwa vilevile. Miongoni mwa madereva hao wamo ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao shule za udereva za kwetu hazikuwa na sababu ya kuwafundisha habari hizi. Naomba nafasi niseme hasa juu ya paa, maana ndilo linalosahauliwa kuliko sehemu zote.

Tupige hesabu. Paa la gari kubwa la familia lina kama mita 3 za mraba. Theluji kavu ya sentimita 15 juu yake hufika hata kilo 45. Ikiwa imelowa, huweza kupita kilo 130. Hita ikishawaka, joto la ndani hupanda na kuyeyusha tabaka la chini, nalo linakuwa utelezi mtupu. Ukikanyaga breki ghafla, mzigo mzima unateleza na kukuangukia kwenye kioo cha mbele. Waipa haziwezi kuusukuma, nawe huoni kitu. Iliyolala usiku ikaganda ni mbaya zaidi, kwa kuwa upepo wa barabara kuu huing'oa kama bapa moja la barafu. Bapa hilo likimpiga anayekufuata, huvunja kioo na huweza kuua.

Ndiyo maana baadhi ya majimbo yameweka sheria. New Hampshire hutoza dola 250 hadi 500 kwa kosa la kwanza, na anayetoka hapa kwenda Boston kwa barabara ya I-95 hupita huko. Pennsylvania humpa dereva saa 24 tangu theluji ikome awe amesafisha gari lake. Faini ni dola 50, lakini barafu yake ikimjeruhi mtu vibaya au kumuua, hufika dola 1,500.

Kabla ya kuwasha injini, anza na bomba la moshi. Chimbua mpaka uone tundu lake na uwazi nyuma yake. Likiwa limezibwa, moshi hurudi chini ya gari na kuingia ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watoto wasikalishwe ndani ya gari linalonguruma huku mzazi bado anafukua. Wala usiwashe gari ndani ya gereji kwa ajili ya kulipasha moto, hata mlango ukiwa wazi.

Injini ikiwaka, elekeza hewa ya hita kwenye kioo cha mbele na uzime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, la sivyo unyevu wa pumzi utajaza ukungu. Kisha anzia juu: paa kwanza, vioo baadaye, kwa sababu ukianza na vioo utavisafisha mara mbili. Tumia brashi yenye kichwa cha sponji na mpini mrefu. Koleo hukwaruza rangi. Kwa gari refu, beba kigoda. Vuta theluji kuelekea kwako kwa upande mmoja, halafu zunguka upande wa pili.

Pale boneti inapokutana na kioo pana matundu ya kuingizia hewa. Yafukue vizuri, yakiziba, hata hita kali haitaondoa ukungu. Taa nazo zipanguswe kwa mkono, kwani taa za LED hazipashi kioo chake joto la kutosha kuyeyusha theluji kama zilivyofanya zile za zamani. Usisahau kamera, vihisi (sensa) na namba ya gari.

Maji ya moto yasimwagwe kwenye kioo kamwe. Kioo baridi kikipata moto ghafla hupasuka, na maji yenyewe huganda tena. Chupa ya kupulizia yenye alkoholi ya duka la dawa (isopropili) ya asilimia 70, vipimo viwili kwa kimoja cha maji, huilainisha sakitu upesi, kisha unakwangua kwa kikwangulio cha plastiki. Mlango ulioganda usiuvute kwa nguvu, utachana mpira. Usukume kwanza kwa bega ili barafu ikatike.

Na jioni, zima waipa kabla ya kuzima injini. Zikiachwa zimewashwa zikaganda kwenye kioo, asubuhi mota yake itajaribu kuzivuta mara tu ukiwasha gari, na hapo ndipo fyuzi huungua au vyuma vyake huachana.

Wako,
Fundi magari, Portland, Maine