Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Naomba Mkanda wa Kubana Damu

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti,

Assalaam aleikum. Naandika kwa heshima zote zinazostahiki cheo chako, baada ya barua mbili nilizozileta ofisini kwako kwa mkono wangu kukosa jibu, na baada ya yaliyotufika alfajiri ya Jumatatu iliyopita. Mpwa wangu aliteleza akaanguka majini karibu na gati ya Mtangawanda, kisiwani kwetu Pate, na rafadha ya mashini ikampasua paja, juu kidogo ya goti. Damu haikuwa ikichuruzika. Ilikuwa ikiruka kwa mapigo, na mtu aliyekaa baharini miaka kama yangu anajua maana yake.

Kitu cha kwanza nilichokipata cha kukandamizia jeraha kilikuwa fulana tuliyopewa kwenye semina yenu ya mwaka jana, ile iliyoandikwa kifuani kwamba afya ni haki ya kila mmoja. Nakiri kwamba ni kitambaa kizuri, kinafyonza. Lakini mtu mzima ana takriban lita 5 tu za damu, na mshipa mkubwa ukikatika anaweza kumalizika kwa dakika chache, wala fulana haimfai kitu. Nikachukua kamba ya nailoni, nikaizungusha juu ya jeraha, nikapenyeza kijiti nikakisokota hadi damu ikakatika.

Katika zahanati tuliyoipitia njiani, kijana wa zamu alituagiza tuilegeze kamba kila baada ya dakika 10 ili mguu usife. Simlaumu sana, maana wengi wetu ndivyo tulivyofunzwa zamani. Tulipofika mjini ndipo daktari aliponieleza, nikiwa nimeshachelewa kuyajua, kwamba mkanda hufungwa vidole vitatu au vinne juu ya jeraha, kamwe si palepale kwenye kiungo kama goti, kwamba saa ya kuufunga huandikwa, na kwamba ukishakazwa haulegezwi mpaka mgonjwa awe mikononi mwa tabibu. Kila tulipoilegeza kamba ile, damu tuliyokuwa tumeiokoa ilimwagika ndani ya boti, nami nikiitazama.

Lakini kabla ya kufika mjini tulifika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kwendea Lamu. Maji yalikuwa yamekupwa, na wewe wajua, au wasaidizi wako wanajua, kwamba boti yaweza kukwama humo wakati huo, basi tukangoja. Boti ya wagonjwa uliyotuahidi mbele ya wazee, chini ya mkungu, hatujaiona hadi leo. Pengine nayo inangoja maji yajae. Mguu au mkono hubanwa kwa muda wa saa 2 hivi bila hofu kubwa, nasi tulitumia zaidi ya saa 4. Mpwa wangu yu hai, alhamdulillahi, lakini mguu umekatwa. Nashuku ni kule kungoja, na kamba nyembamba iliyozama nyamani, na kule kulegeza na kukaza, yote pamoja. Na usiku nikilala naiona mikono yangu mwenyewe ikiifungua ile kamba.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti huduma za ambulansi. Nakukumbusha tu, maana najua una mengi. Hata hivyo sikuombi boti tena. Naomba mkanda, ule mpana wenye kijiti chake cha kusokotea, unaoenea mfukoni, uwekwe katika kila zahanati ya visiwani na kila boti ya abiria, na manahodha tufundishwe kuutumia kwa mchana mmoja, hata bila chakula na bila fulana.

Wiki ijayo nitavusha watoto wa madrasa kwenda Maulidi ya Lamu. Mkanda mmoja, Mheshimiwa, kabla ya siku hiyo. Hata ukiwa wa kuazima nitaurudisha.

Wako mtiifu,
Nahodha wa boti ya abiria, Kisiwa cha Pate